Beki wa Zhytomyr

Leo nataka tumzungumzie kocha mmoja ambaye jina lake pengine limekutoka kichwani, ingawa kazi yake huwezi kuwa umeisahau. Tarehe 28 Septemba 2021, timu inayoitwa Sheriff, ya mji wa Tiraspol, iliingia Santiago Bernabéu na kuifunga Real Madrid mabao mawili kwa moja. Usiku ule mikeka ilichanika kila kona. Kesho yake vijiweni neno likawa moja tu: bahati. Real wamepiga mashuti yapatayo thelathini, hawa wa Tiraspol ya kwao unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kama si bahati ni nini?

Mimi neno hilo sikulipenda siku ile na leo bado silipendi. Bahati ipo kwenye mpira, tena nyingi, na wala siikatai. Lakini aliyekuwa amesimama kwenye benchi la wageni usiku ule alikuwa na miaka kumi ya kazi nyuma yake, na karibu yote aliifanya katika mazingira ambayo makocha wengi wangefungasha virago mwezi wa kwanza. Anaitwa Yuriy Vernydub. Kabla ya ukocha alikuwa beki.

Alizaliwa Januari 1966 mjini Zhytomyr, magharibi ya Kyiv, enzi hizo Ukraine ikiwa bado ndani ya Umoja wa Kisovieti. Ukisema beki wa Ukraine wa kizazi chake, watu wa mpira watakutajia kwanza Oleh Luzhnyi, nahodha wa ile Dynamo Kyiv ya mzee Valeriy Lobanovskyi iliyofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 1999 na kutolewa na Bayern Munich. Luzhnyi akaenda Arsenal. Vernydub hakuwa wa picha za kubandika ukutani. Alijengea jina Zaporizhzhia, mji wa viwanda kando ya mto Dnipro, na klabu ya Metalurh. Mwaka 1997 kocha Anatoliy Byshovets, mzaliwa wa Kyiv, alipokuwa akiisuka upya Zenit ya Saint Petersburg, alibeba kundi zima la Waukraine kwenda nalo Urusi, na Vernydub alikuwa mmoja wao. Mei 1999, wiki chache baada ya Luzhnyi na wenzake kulia Munich, Zenit wakaichapa Dynamo Moscow mabao matatu kwa moja kwenye fainali ya Kombe la Urusi. Kwa hiyo taji kubwa kabisa la huyu bwana akiwa mchezaji ni la Urusi, na alilitwaa kwa jezi ya Kirusi. Liweke hilo akilini, tutalihitaji.

Sasa, Luzhnyi alipogeukia ukocha hakufika mbali. Vernydub akafika. Wapo wanaosema beki wa kati ana nafasi nzuri zaidi ya kuwa kocha kwa sababu uwanja mzima uko mbele ya macho yake. Winga yeye anaona nusu uwanja na mstari wa chaki. Kuna ukweli, ila si wote, maana mabeki waliofeli kwenye ukocha wamejaa tele. Nadhani kilichomsaidia Vernydub ni kwamba hakuanza na timu inayotakiwa kutawala mchezo. Alijifunza kazi akiwa na timu ambazo mpira ukiwa kwa mpinzani kwa dakika sitini hazishtuki.

Timu ya kwanza kubwa mikononi mwake ilikuwa Zorya ya Luhansk, mashariki kabisa ya Ukraine, karibu na mpaka wa Urusi. Alikuwa msaidizi pale, na mwishoni mwa 2011 akakabidhiwa timu. Zorya wana historia: mwaka 1972 walikuwa mabingwa wa Umoja wa Kisovieti, timu ya mkoani iliyowapita wakubwa wa Moscow na Kyiv. Lakini hiyo ilikuwa hadithi ya wazee. Vernydub aliikuta ikihangaika mkiani.

Halafu ukaja mwaka 2014. Vita vikalipuka mashariki, wanaharakati wa kujitenga wanaoungwa mkono na Urusi wakaishika Luhansk, na Zorya ikawa timu isiyo na mji. Ikahamia Zaporizhzhia, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Kwa Vernydub ilikuwa kama kurudi kwao, maana ndiko alikochezea. Kwa wachezaji wa Luhansk haikuwa hivyo. Familia zimeachwa nyuma, nyumba zimefungwa kwa kufuli na hakuna ajuaye lini zitafunguliwa, mashabiki hawapo. Ni timu ngeni katika mji wa timu nyingine.

Ungetegemea ishuke daraja. Badala yake, kuanzia msimu wa 2014/15, Zorya ilimaliza ndani ya nne bora misimu minne mfululizo, mmojawapo ikiwa ya tatu. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye jibu la swali la bahati.

Fedha hazikuwepo. Alichofanya Vernydub ni kuchukua vijana wa mkopo waliokosa namba Shakhtar Donetsk, akawachanganya na wakongwe waliokwisha kukatiwa tamaa, akawapa kila mmoja kazi moja inayoeleweka. Ruslan Malinovskyi, ambaye baadaye uliona makombora yake pale Atalanta, alipita katika mikono hiyo. Oleksandr Karavayev pia. Kwenye safu ya ulinzi alikuwepo Vitaliy Vernydub, mwanawe wa kumzaa, na hakuna aliyelalamika kwamba kijana anabebwa na baba, maana alikuwa anakaba kweli. Timu ilicheza chini, mistari miwili iliyobanana, na mpira ukipatikana unapelekwa pembeni haraka, krosi, basi. Watu wa kwetu tungesema wanapaki basi. Lakini basi hili lilikuwa na dereva ndani na injini inawaka.

Mwaka 2016 Zorya ikatua kundi moja na Manchester United, Fenerbahçe na Feyenoord kwenye Ligi ya Europa. Walipokwenda Old Trafford walifungwa bao moja tu, la Zlatan Ibrahimović, kipindi cha pili. Marudiano, United ya José Mourinho ilipowafuata, mechi ikachezwa Odesa, mji wa tatu, kwenye uwanja uliokuwa umeganda kwa baridi ya Desemba. Wakafungwa mbili. Hawakushinda hata mechi moja ya kundi lile. Mwaka uliofuata wakarudi tena Ulaya, na safari hii mechi zao za nyumbani zikapelekwa Lviv, upande wa pili kabisa wa nchi. Ndipo wakaenda Bilbao, uwanja wa San Mamés, wakawafunga Athletic bao moja kwa sifuri.

Tarehe ya mechi ile ya Bilbao? Ishirini na nane Septemba, 2017. Miaka minne kamili, siku kwa siku, kabla ya usiku wa Bernabéu. Mpango ni uleule na nchi ni ileile. Timu moja ya Hispania ikifungwa hivyo unaita bahati. Ya pili nayo uiite nini?

Aliondoka Zorya 2019, akapita Soligorsk huko Belarus, ambako ligi iliendelea mwaka 2020 wakati viwanja vya Ulaya nzima vimefungwa kwa sababu ya korona. Kisha Desemba 2020 akapokea kazi Tiraspol.

Na Tiraspol, msikilizaji, si mji wa kawaida. Kwenye ramani uko Moldova. Ukifika pale, unakuta eneo la Transnistria lililojitangazia uhuru mwanzoni mwa miaka ya tisini na ambalo hakuna nchi hata moja mwanachama wa Umoja wa Mataifa inayolitambua. Wana bendera yao yenye nyundo na mundu, sanamu ya Lenin mbele ya bunge, na sarafu za plastiki, ndiyo, plastiki, za ruble yao wenyewe isiyopokelewa kokote nje ya pale. Wanajeshi wa Urusi wamekaa huko miaka yote hiyo. Klabu nayo ni mali ya kampuni ya Sheriff, iliyoanzishwa 1993 na waliokuwa polisi, ambayo leo ina maduka makubwa, vituo vya mafuta, runinga na karibu kila kitu kingine kinachoingiza fedha pale. Karibu kila mwaka enzi zile Sheriff ilikuwa inachukua ubingwa wa Moldova, ligi ya nchi ambayo mji wenyewe unasema haumo. Wengine wanaicheka hali hiyo. Mimi naiona ni siasa ya fedha tu, maana bila ligi ya Moldova hakuna Ulaya, na bila Ulaya hakuna mapato ya UEFA.

Swali ambalo wengi hawakumuuliza Vernydub wakati ule ni hili: wewe uliyefukuzwa Luhansk na watu wa kujitenga wanaobebwa na Urusi, umekwendaje kufanya kazi katika eneo la kujitenga linalobebwa na Urusi? Mimi sina jibu la kumwekea mdomoni. Makocha wa daraja lake hawachagui kazi kama tunavyochagua embe sokoni.

Kikosi alichokikuta, na alichokiongeza, kilikuwa cha watu waliookotwa duniani kote. Kipa Mgiriki, Giorgos Athanasiadis. Nahodha Mkolombia, Frank Castañeda. Beki wa kati kutoka Peru, Gustavo Dulanto. Kushoto Mbrazili aitwaye Cristiano, mwenye mguu wa krosi. Kiungo wa Ghana, Edmund Addo. Adama Traoré wa Mali, si yule wa Hispania mwenye misuli. Momo Yansané wa Guinea. Na sisi huku tulikuwa na uzi wetu mwembamba: Peter Banda, yule winga wa Malawi aliyetua Simba mwaka 2021, alikuwa amepitia Sheriff kabla ya kuja Msimbazi. Klabu ile iliishi kwa biashara hiyo, kununua rahisi Afrika na Amerika Kusini, kuonyesha Ulaya, kuuza. Kocha anakabidhiwa watu wasioelewana hata lugha, na baada ya miezi sita nusu yao wameuzwa.

Kwa kikosi hicho walianza mtoano mwezi Julai. Wakawatoa mabingwa wa Albania, wakawatoa Alashkert wa Armenia, wakawatoa Crvena Zvezda ya Belgrade, kisha wakawapiga Dinamo Zagreb tatu bila kule Tiraspol na kwenda kubana suluhu Kroatia. Mechi nane, hawakufungwa hata moja. Kabla ya hapo haikuwa imewahi kutokea timu ya ligi ya Moldova kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa.

Mechi ya kwanza ya kundi, tarehe 15 Septemba, droo ikawaletea Shakhtar Donetsk. Tazama sasa mambo yalivyojipanga. Shakhtar, timu iliyohamishwa Donetsk na vita vya 2014, inacheza dhidi ya kocha aliyehamishwa Luhansk na vita hivyohivyo, na wanacheza katika eneo la kujitenga ambalo ni ndugu wa yale yaliyowahamisha. Mwandishi wa riwaya akiandika hivyo, mhariri atamrudishia akisema umezidisha. Sheriff wakashinda mbili bila, Traoré na Yansané, na mabao yote mawili yalitokana na krosi za Cristiano.

Basi twende Bernabéu. Carlo Ancelotti aliweka mbele Benzema, Vinícius na Hazard. Vernydub akaweka mistari yake miwili, na mbele kabisa akamwacha Jasur Yakhshiboev, Muuzbeki. Dakika ya 25, mpira ukaenda kushoto, Cristiano akamimina krosi, Yakhshiboev akapiga kichwa, nyavu zikatikisika. Wale wanaosema bahati naomba waangalie bao lile tena na walilinganishe na mabao waliyoifunga Shakhtar wiki mbili kabla. Upande uleule, mguu uleule, wakati uleule wa kumwaga mpira kabla mabeki hawajageuka. Kitu kinachorudiwa mara tatu katika mechi mbili kimefanyiwa mazoezi.

Kipindi cha pili Real wakawasukuma hadi ndani ya boksi. Addo akamgusa Vinícius, mwamuzi akaitwa kwenye VAR, penalti, Benzema hakukosea, dakika ya 65. Modrić akaingia, Kroos akaingia. Hapo ndipo timu ndogo huvunjika. Vijana wanaanza kubutua mbele, wanarudiwa, wanabutua tena, hatimaye linaingia la pili na la tatu. Sheriff hawakubutua ovyo. Ukiangalia, Athanasiadis anaokoa, ndiyo, lakini mashuti mengi yanatoka nje ya boksi au pembeni, palepale walipokubali yatoke. Kumnyima mpinzani nafasi zote huwezi, unachagua zipi umpe. Hiyo ni elimu ya beki.

Dakika ya 89 Traoré akarudisha mpira nyuma kidogo nje ya boksi, na Sébastien Thill wa Luxembourg, kiungo mwenye mchoro mguuni unaoonyesha mchezaji akiliota kombe la Ligi ya Mabingwa, akaukuta unadunda, akaupiga kwa mguu wa kushoto hadi kona ya juu. Courtois aliruka, ila kwa ajili ya picha tu. Hilo, sawa, kama unataka kuliita la bahati nakupa. Shuti lile ukimpa Thill mara kumi, tisa yanakwenda jukwaani. Lakini alikuwa amesimama mahali pa kupigia.

Mechi zilizofuata zilikuwa ngumu. Inter waliwafunga tatu kwa moja kwao na tatu kwa moja Tiraspol, Real wakaja kulipa tatu bila. Wakamaliza wa tatu na pointi saba, wakashushwa Ligi ya Europa, wakapangwa na Braga ya Ureno. Nyumbani wakashinda mbili bila. Marudiano yakawekwa tarehe 24 Februari 2022.

Alfajiri ya siku hiyo, saa kumi na nusu, simu ya Vernydub iliita hotelini Ureno. Alikuwa mwanawe, akimwambia Warusi wametushambulia. Jioni yake akakaa benchi. Sheriff wakafungwa mbili bila, wakaenda penalti, wakatolewa tatu kwa mbili. Wakaruka kurudi kupitia Romania, wakaingia Tiraspol, na kutoka pale Vernydub akavuka mpaka kuingia Ukraine na kujiunga na jeshi. Alikuwa na umri wa miaka 56. Siku chache baadaye picha yake ikasambaa, kavaa kombati, mtu yuleyule uliyemwona kwenye benchi pale Bernabéu.

Kuna jambo hapa watu huwa hawaligusi. Sheria ya hali ya vita iliyotangazwa siku ileile iliwazuia wanaume wa miaka 18 hadi 60 kutoka Ukraine. Yeye alikuwa tayari yuko nje. Ana mkataba, ana mshahara, ana jina jipya Ulaya nzima; kubaki tu kungetosha na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Kuingia kulimaanisha kuacha kazi bora aliyowahi kuwa nayo, bila tarehe ya kurudi. Upande wa pili, pale Saint Petersburg, kwenye benchi la Zenit, ile klabu ya Vernydub ya zamani, alikuwepo Anatoliy Tymoshchuk, nahodha wa zamani wa Ukraine aliyeichezea nchi yake mara 144. Akanyamaza, akaendelea na kazi yake ya ukocha msaidizi. Machi 2022 chama cha soka cha Ukraine kikamvua leseni na heshima zote. Sitaki kujifanya hakimu wa mtu ambaye simjui nyumbani kwake, lakini mmoja ana jina kubwa mara mia kuliko mwenzake, na wote wawili walivaa jezi ya Zenit. Nachagua yule mdogo.

Hakukaa jeshini muda mrefu. Katikati ya 2022, Ukraine ilipoamua kurudisha ligi vita vikiendelea, alichukua Kryvbas ya Kryvyi Rih, mji wa machimbo ya chuma ambao pia ndiko alikozaliwa Rais Volodymyr Zelensky. Timu imepanda daraja, fedha za mashaka, viwanja havina watazamaji. King'ora kikilia wachezaji wanashuka kwenye handaki, kikinyamaza wanarudi kupasha misuli moto upya. Agosti ile ya kwanza, mechi ya Rukh na Metalist pale Lviv ilichukua zaidi ya saa nne kumalizika. Jaribu kuwaza kocha anayetakiwa kuifanya timu ikae katika umbo lake katika mazingira hayo. Kwa wengi ingekuwa kazi mpya. Kwake ilikuwa Zorya nyingine.

Msimu wa 2023/24 Kryvbas ikamaliza ya tatu, nyuma ya Shakhtar na Dynamo tu. Nafikiri ile nafasi ya tatu ni kazi kubwa kuliko Bernabéu, na najua wengi hamtakubaliana nami, pigeni simu. Ile ilikuwa dakika tisini, hii ni miezi kumi. Agosti 2024 wakaenda Ulaya, mechi za "nyumbani" zikichezwa Slovakia. Viktoria Plzeň wakawatoa Ligi ya Europa, wakaangukia kwa Real Betis kwenye mtoano wa Conference League. Wakafungwa mbili, kisha wakaenda Seville wakafungwa tatu. Basi lao la ulinzi lilipitwa pande zote, hakuna Thill, hakuna krosi ya Cristiano. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu ile alfajiri ya Februari 2022, kwa hiyo ukitoka Seville unaruka hadi nchi ya jirani, unashuka, unavuka mpaka kwa basi, na ligi haikusubiri.